Mtaa Uliojipaka Rangi

Mimi si mtu wa kulia kazini. Kwa miaka kumi na tisa nimechora ramani katika ofisi ya mipango ya mkoa. Nimechora barabara zilizoishia kwenye karatasi, nimechora soko lililohamishwa mara nne kabla halijajengwa hata mara moja, na sikuwahi kumwaga chozi juu ya meza. Siku niliyolia, nililia kwa sababu ya doa jeupe lenye ukubwa wa kidole gumba.

Ngoja nieleze taratibu, maana nikikasirika huwa naanzia katikati.

Mpango wetu wa zamani wa matumizi ya ardhi ulitengenezwa miaka thelathini iliyopita, wakati mto ulikuwa bado una adabu. Ulijaa kila mwaka mwezi uleule, ukalowesha bustani za kando, ukarudi kwenye njia yake. Siku hizi mvua hazijui kalenda. Miezi mitatu kimya, halafu mvua ya msimu mzima inashuka kwa siku mbili. Wataalamu wanasema ni mabadiliko ya tabianchi, dada yangu anasema ni balaa, na sijaona tofauti. Mara mbili ndani ya miaka sita bonde zima limegeuka maji. Mkoa ukaamua kupanga upya: wapi watu wakae, wapi walime, wapi mto uachiwe nafasi yake.

Tatizo lilikuwa vipimo. Nguzo ya kupimia kina cha mto ilisombwa na mto wenyewe, tena siku ya kwanza tulipoihitaji. Tukabaki na kuta. Maji ya mafuriko yakituama ndani ya nyumba huacha alama ya tope, mstari wa rangi ya chai ya maziwa, na hata ukisugua vipi hautoki wote. Tukakubaliana kupita nyumba kwa nyumba, tupime kutoka sakafuni hadi kwenye mstari, tuingize namba kwenye kompyuta, nayo ituchoree maji yalifika wapi.

Tuliweka na kanuni moja: mtumishi hagusi kipimo cha mtaa anaokaa ndugu yake. Mwaka uliotangulia mwenzetu mmoja aliipunguzia nyumba ya mjomba wake nusu mita, tukaaibika mbele ya wizara. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi, na niliichapa kwa vidole vyangu hivi. Nilikuwa najisikia mwadilifu sana siku hiyo.

Kwa hiyo mtaa wa dada yangu, ulio chini kabisa bondeni, alipewa mpimaji tunayemwita Kipimo, kijana mtaratibu asiyeamini kitu ambacho hajakigusa kwa futi. Alirudi jioni na mikono ya shati imejaa bluu.

"Rangi ilikuwa mbichi," alisema. "Nyumba hamsini na tatu, zote bluu kuanzia chini mpaka kifuani, nyeupe juu. Mtaa umependeza."

"Na alama?"

"Hakuna alama hata moja. Nikaandika sifuri."

"Hamsini na tatu zote sifuri? Hukushtuka?"

"Nilishtuka," alisema. "Lakini fomu haina sehemu ya kuandika mshtuko."

Wiki mbili baadaye kompyuta ilimaliza kazi yake, nami nikachapa ramani. Eneo jekundu, ambalo watu hawatajenga tena na watahamishwa taratibu, lilijaza bonde lote kutoka daraja hadi kiwanda cha matofali. Katikati yake, karibu na mto kuliko shule, kulikuwa na kisiwa cheupe. Kompyuta haina akili ya kushuku. Imeambiwa nyumba hamsini na tatu hazikuguswa na maji, basi ikasema hapo ni pakavu. Ramani ya miinuko tuliyonayo ni ya enzi za mababu, haikuweza kuibishia.

Kwanza nilicheka. Nilimwona dada yangu na majirani zake wakiizidi ujanja ofisi nzima kwa ndoo za rangi, na nusu yangu ikafurahi, kwa sababu damu ni nzito kuliko maji. Kisha nikaona alama ndogo ya nyumba aliyoichora mwenzangu wa mipango ya dharura, katikati ya kisiwa. Alitafuta mahali pakavu palipo karibu na watu wengi wa bonde, akapapata. Kituo cha kukimbilia mafuriko. Mto ukipanda tena, kata tatu zingeamriwa kwenda kwenye mtaa wa dada yangu.

Hapo ndipo nilipolia.

Nilijua maji yalifika wapi kwa sababu nilikuwemo. Mafuriko ya pili yalinikuta kwa dada, nimekwenda kumwona mama yetu aliyekuwa akiugua kifua. Tulimpandisha juu ya meza ya kukatia nguo tukidhani inatosha. Haikutosha. Alikaa pale kutwa nzima, maji yakiwa kiunoni mwake, akituambia tuokoe cherehani. Kifua kilimzidi, na baada ya wiki tatu tukamzika.

Nilikwenda kwa Mkuu wetu na ramani mkononi. Mkuu si mtu mbaya. Ni mtu ambaye amebakiza miaka miwili kustaafu na anataka ipite bila kelele.

"Mtaa huu ulizama, Mkuu. Mimi mwenyewe nilikuwemo."

"Dada yako anakaa huko?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ndiye wa mwisho kusikilizwa kuhusu mtaa huo, kwa kanuni uliyoiandika wewe mwenyewe." Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Niletee alama ukutani. Au mwenye nyumba aseme mbele ya mkutano wa maoni, iandikwe kwenye kumbukumbu. Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Jumatatu mpango unatiwa saini."

Nilikwenda kwa dada siku hiyohiyo. Dada yangu ni fundi cherehani na mjane, amenizidi miaka tisa, na ndiye aliyenilipia shule kwa kushona mashati ya watu. Chumba chake cha mbele ndicho karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, na marundo ya sare za shule ya msingi ya bondeni yamefungwa kwa kamba, kila darasa na rundo lake. Bluu mpya ukutani ilikuwa bado inanuka.

"Karibu, mdogo wangu," alisema bila kuacha mkasi. "Umekuja na njaa au na maneno?"

"Na maneno."

"Basi kaa. Njaa ningeiweza."

Nikakaa. "Mmepaka rangi, Dada."

"Kupaka nyumba yangu rangi ni kosa?"

"Nyumba hamsini na tatu, wiki moja, rangi moja?"

"Fundi baiskeli alizipata ndoo kwa bei ya kutupa. Tukaona tupendeze wote." Alinitazama kidogo. "Ofisini kwenu mmezoea mitaa michafu?"

Nikamwambia yote: kisiwa, eneo jekundu, kituo cha kukimbilia. Alisikiliza huku akikata. Nilipofika kwenye kituo alicheka.

"Serikali haijatujengea hata mtaro, leo ije itujengee kituo? Hiyo ni michoro yenu tu. Umechora mingapi wewe ambayo sijaiona mpaka leo?"

"Hawahitaji kujenga. Wakisema tu watu waje huku, watakuja."

Aliweka mkasi chini. "Sikiliza. Mimi na shemeji yako tuliinua kuta hizi miaka kumi na moja. Yeye amelala, mimi nimebaki na kuta. Unataka niwaonyeshe alama ili mniweke kwenye jekundu? Nikatazwe kubadilisha hata bati? Niende nikangoje kiwanja mlimani, kama wale waliopisha barabara? Wale wako mwaka wa tisa, wanangoja."

Barabara ile niliichora mimi. Mtu mwenye busara angenyamaza hapo, akanywa chai, akarudi kesho. Mimi hasira zangu ziko karibu.

"Mficha uchi hazai, Dada. Mama alikaa juu ya meza hii hapa. Maji yalimfika kiunoni. Na hilo nalo umelipaka rangi?"

"Mama alikuwa mzee," alisema. Kisha akasema, "Toka."

Hakupaza sauti, na kwa sababu hakupaza sauti nilijua nimemuumiza vibaya. Nilitoka. Mtaani fundi baiskeli aliniamkia kwa furaha akiwa amepinda juu ya gurudumu, akaniuliza kama ramani imetoka nzuri. Nilimwambia imetoka nzuri sana.

Siku zilizofuata nilimpigia simu dada mara nane, hakupokea. Niliandika barua rasmi kupinga kipimo. Mkuu aliirudisha na neno moja pembeni: Kanuni. Nikajiambia kwamba siku ya mkutano nitakataa kuifunua ramani, wanifukuze wakitaka. Nilikuwa nimeshaanza hata kufikiria nitauza nini kuishi. Sijui kama ningethubutu, na namshukuru Mungu kwamba sikupata nafasi ya kujua.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kata, wenye viti vya plastiki na feni mbili, moja tu ikifanya kazi. Watu walijaa mpaka madirishani. Dada yangu aliketi safu ya nne, hakunitazama. Mkuu hakuningoja. Aliifunua ramani mwenyewe, akashika fimbo, akaanza kueleza. Alipotaja eneo jekundu watu wa mitaa mingine walinung'unika na mmoja akatoka. Alipogusa kisiwa kwa ncha ya fimbo, sauti yake ilichangamka.

"Hapa pamebaki salama. Kwa hiyo mtaa huu tumeuteua kuwa kituo cha kukimbilia. Mto ukipanda, kengele ikilia, watu wa kata hizi tatu waelekee hapa. Kazi hiyo inaanza msimu huu, haingoji majengo."

Mtaa wa dada ulipiga makofi. Fundi baiskeli alisimama kabisa akapiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa. Hakuna aliyebomolewa, na zaidi ya hapo mtaa umepewa heshima. Dada yangu hakupiga. Alinyoosha mkono.

"Ndiyo, mama," alisema Mkuu.

"Na wanafunzi wa shule ya bondeni?"

"Hao ndio wa kwanza. Mia nne na kumi. Walimu watawapanga mistari wawalete, darasa la kwanza watangulie, maana ndio wenye hatua fupi. Shule ina alama ya maji, mtaa wenu hauna."

Dada alibaki amesimama. Fundi baiskeli alimvuta gauni kidogo. "Kaa, mama. Tumeshinda."

"Mimi ndiye ninayewashonea sare watoto hao," alisema dada yangu, na sauti ilimtoka kavu. "Kila Januari nawapima mmoja mmoja. Majina nasahau, vimo sisahau." Aliweka kiganja kifuani, chini kidogo ya bega. "Wa darasa la kwanza wanaishia hapa."

Hakukiondoa kile kiganja.

"Na maji ndani ya nyumba yangu yaliishia hapahapa. Mita moja na ishirini. Nilipima kabla sijapaka rangi. Alama iko chini ya bluu, na kwenye nyumba nyingine zote iko vilevile. Mimi ndiye niliyewashauri tupake, msiwalaumu wenzangu. Mama yangu alikaa kwenye maji hayo kutwa nzima, na hakufa kwa uzee. Niandikieni hayo."

Zogo likaanza, watu wa mtaa wake wakimwita mwongo, watu wa mitaa mingine wakiwaita wao waongo. Fundi baiskeli alikaa chini polepole, akasema kwa uchungu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mkuu alisimama na fimbo yake hajui aielekeze wapi. Mwisho alimgeukia katibu. "Andika," alisema. "Kama alivyosema mama." Kwa hilo nimemsamehe mengi.

Mimi nilitaka kumkimbilia nimkumbatie, nikaogopa. Nilijivunia dada yangu na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Kipimo alirudi mtaani Jumatatu. Aliniambia dada alikuwa ameshakwangua ukuta wake mwenyewe kwa kisu cha jikoni, kipande kirefu cha mkono mzima, na mstari ulikuwa pale, wa rangi ya chai. Majirani kumi na mmoja nao walikwangua. Wengine walifunga milango. Kumi na mbili zilitosha. Nilipochapa tena ramani kisiwa hakikuwepo, na nyumba aliyoijenga na shemeji ilikuwa nyekundu kama nyingine. Saini iliahirishwa kwa mwezi mmoja, kituo cha kukimbilia kikahamishiwa kwenye mwinuko wa mashariki, pembeni ya viwanja vipya vya watakaohama.

Nilimpelekea habari hizo mwenyewe. Marundo ya sare yalikuwa yamepungua, na sikuuliza. Alinieleza bila kuulizwa kwamba wateja wawili wamechukua vitambaa vyao wakampe fundi mwingine, na kwamba fundi baiskeli hamsalimii.

"Nisamehe, Dada," nilisema. "Lile neno la mama sikupaswa kulisema vile."

"Ulipaswa. Ila ungeanza na chai." Alinisogezea kikombe. "Lete hiyo ramani."

Niliitandaza juu ya meza ya kukatia. Nilimwonyesha viwanja vya mwinukoni, safu sita zilizonyooka, na kiwanja chake: safu ya tatu, cha pili kutoka barabarani. Nilihakikisha amewekwa mapema, kihalali, kwa sababu aliyetoa taarifa ndani ya mwezi huo alipewa nafasi ya mwanzo. Nilidhani atafurahi. Aliinama akachungulia kama anayetafuta kasoro kwenye pindo.

"Huku nani amepima?"

"Huko ni juu, Dada. Maji hayapandi mlima."

"Yanayoshuka je?"

Mwinukoni kulikuwa na kaya nane tu, zimetawanyika. Hatukuzipitia. Safu zile sita nilizichora nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, kwa rula.

Tulikwenda kesho yake asubuhi na gari la ofisi. Tulipoiona nyumba ya kwanza, na mwanamke anaanika nguo uani, nilishika mlango niteremke. Dada alinizuia.

"Wewe kaa humu. Na hilo koti la ofisi livue. Akiliona hilo atasema hapa hapajawahi kunyesha."

Nilikaa garini nikawatazama. Walisalimiana kwa kirefu. Dada alichukua nguo kwenye beseni, akakung'uta, akaanza kumsaidia kuanika. Sikusikia kitu. Waliongea mpaka beseni likaisha, na mwisho yule mwanamke alinyoosha mkono kuelekea juu, akaushusha taratibu kando ya nyumba yake mpaka chini, akaonyesha na upana kwa mikono miwili. Dada aliitikia kwa kichwa. Waliagana kama watu waliofahamiana zamani.

Alirudi na mikono imelowa, akaketi.

"Safu ya tatu na ya nne, futa," alisema. "Mvua kubwa ikinyesha, korongo linafumuka juu kule na kupita hapohapo. Mwaka juzi liliondoka na ng'ombe wawili na choo. Zilizobaki ziko salama, anasema. Na kituo chenu kiwe upande huu wa korongo, siyo ule."

Nilitazama ramani magotini. "Chako kiko safu ya tatu."

"Nimeona."

"Nikifuta safu mbili, viwanja havitatosha. Walioondolewa watarudi mwisho wa orodha. Sijui ni miaka mingapi, Dada. Sitaki kukudanganya."

Macho yake yalijaa, na hakujaribu kuyaficha. Alikuwa ametoa nyumba moja mbele ya watu, sasa anatoa nyingine ambayo hajaingia hata mara moja.

"Sebule yako ina upana gani?" aliuliza.

"Mita tatu na nusu kwa nne."

"Cherehani inaingia. Meza tutaikata kidogo pembeni." Alipangusa macho kwa kiganja. "Haya, futa."

Nilitoa kalamu nyekundu, nikazikata safu zote mbili, kiwanja kwa kiwanja, naye ameinama begani kwangu kuhakikisha chake sijakiruka.